Saa Ni Nzima, Miadi Imehama: Kutafuta Kosa la Muda kwa Ukubwa Wake

Kila mwaka kuna Jumatatu mbili ambazo siku inaanza vibaya ofisini kwetu: ile inayofuata Jumapili ya mwisho ya Machi, na ile inayofuata Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakala wa Ujerumani anauliza mbona hatukutokea kwenye kikao. Dereva anapiga simu kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wageni hawaonekani. Mwenzangu wa uhasibu anapanda kiti, anaishusha saa ya ukutani, anatoa betri, anaifuta, anairudisha. Betri ni nzima, na saa inasema kweli.

Nafanya kazi ya bukingi katika ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupatana muda na watu walio mbali. Kabla sijaendelea niseme jambo moja la lugha. Nitaandika "masaa" nikimaanisha urefu wa muda, na "saa" nikimaanisha mahali mshale ulipo. Najua walimu wa Kiswahili hawaipendi "masaa", lakini "saa tatu" ya kusubiri na "saa tatu" ya asubuhi zikichanganyika kwenye mada hii, hakuna atakayeelewa kitu.

Saa za Afrika Mashariki ziko masaa matatu mbele ya saa ya dunia, yaani UTC+3, Januari hadi Desemba. Hatuzigusi, wala hatuna sababu ya kuzigusa. Arusha iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na mchana mrefu kuliko yote ya mwaka na ule mfupi kuliko yote haipishani hata nusu saa. London, mchana wa mwishoni mwa Juni unazidi masaa 16 na wa mwishoni mwa Desemba haufiki masaa 8. Wenye mchana wa kupanda na kushuka namna hiyo ndio walioona afadhali wasogeze saa mbele wakati wa kiangazi wapate jioni ndefu. Ujerumani ilianza mwaka 1916, vita kuu ikiwa imepamba moto, ili kubana matumizi ya nishati, na Uingereza ikafuata wiki tatu baadaye. Nchi nyingi za Ulaya zinafanya hivyo hadi leo.

Basi sisi tumesimama, wao wanahama. Mambo yakiharibika, watu hukimbilia kuuliza "nani amekosea?" Mimi nimezoea kuuliza kwanza: kosa ni la ukubwa gani? Lisaa limoja, masaa sita, siku nzima, nusu saa. Kila ukubwa una chanzo chake, na ukishaujua ukubwa umeshakaribia dawa.

Kosa la lisaa limoja, limeanza Jumatatu

Dalili ni kwamba kikao kilichokwenda vizuri miezi mingi kimevunjika ghafla, na hakuna aliyebadilisha chochote. Ukiona hivyo, tazama tarehe kabla ya kitu kingine. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza hubadilisha saa kwa pamoja, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, muda ambao kwetu ni saa 10 alfajiri. Unakuwa umelala. Jumatatu unaamka, tofauti imeshakuwa nyingine.

London iko nyuma yetu kwa masaa matatu wakati wa baridi yao na masaa mawili wakati wa kiangazi chao. Berlin, Amsterdam na Paris ziko nyuma kwa masaa mawili wakati wa baridi, na lisaa limoja tu wakati wa kiangazi.

Sisi tulikuwa na kikao cha kila Jumatatu na wakala wa Ujerumani, kwao 10:00, kwetu saa 5 asubuhi. Oktoba ilipokwisha nikakaa mbele ya kompyuta saa 5 kamili, kioo kikaonyesha sura yangu peke yake. Nikasubiri hadi saa 5 na dakika 20, nikafunga, nikaenda benki. Wakala akaingia saa 6 akakuta hakuna mtu. Tukasameheana, tukahamia saa 6. Machi ilipokwisha nikaingia saa 6 na daftari langu na orodha ya vyumba, wao walikuwa wamemaliza na kutawanyika. Nafasi za Agosti alizotaka kuzungumzia siku ile zilikwenda kwa ofisi nyingine.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba makosa haya mawili hayalingani. Wakirudisha saa nyuma, wewe unawahi, na anayewahi hupoteza muda wake mwenyewe. Wakisogeza mbele, wewe unachelewa, na anayechelewa hupoteza kazi. Kwa hiyo Machi ndiyo ya kuogopa. Kwa mteja wa Sydney ni kinyume: wao husogeza mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Aprili, hivyo hatari yako kwake iko Oktoba.

Dawa ni kuamua kikao ni cha saa ya nani. Kalenda ya kwenye simu au kompyuta hukifunga kikao kinachojirudia kwenye mji uliowekwa wakati kinatengenezwa. Kama Mjerumani ndiye aliyekitengeneza, kimefungwa Berlin, na kwako kitasogea chenyewe. Kama umekitengeneza wewe, kimefungwa Afrika Mashariki, na wao ndio watakaoona kimehama. Vyote viwili vinafaa. Kinachovunja kikao ni nusu ya ofisi kufuata kalenda na nusu kufuata mazoea. Ujumbe uandike hivi: "Jumatatu 10:00 ya Berlin." Usiandike kamwe "wako nyuma yetu masaa mawili." Mji haubadiliki; tofauti ina tarehe ya kuisha kama maziwa.

Na usisubiri wao waache utaratibu huu. Bunge la Ulaya lilipiga kura Machi 2019 kuukomesha, na saa zimeendelea kusogezwa mwaka hadi mwaka.

Ndege nazo ziko kwenye kapu hili. Mashirika ya ndege hubadilisha ratiba zake za majira Jumapili zilezile mbili. Ndege inayoondoka mji wa Ulaya kwa saa ileile ya kwao itatua KIA lisaa limoja baadaye kuanzia mwisho wa Oktoba, na lisaa limoja mapema kuanzia mwisho wa Machi. Doha, Addis Ababa na Istanbul wako UTC+3 kama sisi mwaka mzima (Uturuki tangu 2016), kwa hiyo wageni wanaopitia huko hawana hesabu ngumu, ingawa ratiba yenyewe bado inaweza kuguswa. Usinakili saa ya kutua kutoka kwenye karatasi ya wageni wa mwezi uliopita. Soma tiketi ya mgeni huyu, ya tarehe hii.

Kama huna kalenda wala tiketi mkononi, kuna kipimo ambacho kila mtaa unacho. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinazoanza 21:00 kwa saa za Ulaya ya Kati huanza kwetu saa 5 usiku wakati wa baridi yao, na saa 4 usiku wakati wa kiangazi. Jamaa mwenye kibanda umiza kule Majengo, Moshi, hubadilisha chaki kwenye ubao wake bila kukosea, maana wateja wake hawawezi kumsamehe goli la dakika ya tano. Ukitaka kujua Ulaya wako kwenye saa ipi, soma ubao wake.

Lisaa limoja, lakini Wajerumani wako sawa

Huyo ni Mmarekani. Tangu 2007 Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kila mwaka kuna vipindi viwili ambapo Marekani wako upande mmoja na Ulaya upande mwingine. Machi 2026 kipindi hicho ni cha wiki tatu, tarehe 8 hadi 29. Machi 2027 ni cha wiki mbili, tarehe 14 hadi 28. Mwisho wa mwaka ni wiki moja tu: 25 Oktoba hadi 1 Novemba 2026, na 31 Oktoba hadi 7 Novemba 2027.

New York iko nyuma yetu kwa masaa manane wakati wa baridi, saba wakati wa kiangazi. Denver kumi, kisha tisa. Los Angeles kumi na moja, kisha kumi. Phoenix wao ni kama sisi, hawabadilishi: masaa kumi mwaka mzima, kwa sababu Arizona, ukiacha ardhi ya Wanavajo, haikubali kusogeza saa.

Kikao cha watu watatu, Arusha, London na New York, ndicho kinachoteseka zaidi ndani ya wiki hizo. Waingereza wamezoea New York kuwa nyuma yao kwa masaa matano, ghafla ni manne, na kila mmoja anaapa kwamba amehesabu vizuri. Sisi tuliosimama ndio tunaoweza kuwasaidia. Hesabu kila mmoja kutoka kwako, mmojammoja, usihesabu wao kwa wao.

Kisha angalia herufi. Mteja wa London anaandika mwezi Julai "3pm GMT", na GMT ni saa yao ya wakati wa baridi. Ukizifuata herufi zake, hiyo ni saa 12 jioni kwetu. Yeye hakumaanisha hivyo. Ametazama saa ya jikoni kwake, ambayo Julai imeshatoka GMT, na kwetu anachokisema ni saa 11 jioni. Wamarekani hufanya vilevile na "EST", saa ya New York ya wakati wa baridi, katikati ya kiangazi. Siwalaumu, ni mazoea ya mkono. Mimi hujibu kwa kuuliza: "Saa iliyo ukutani kwako sasa hivi inasema ngapi?" Jibu la swali hilo halijawahi kunidanganya.

Lisaa limoja, na mwenye kosa ni kompyuta yako

Hapa nikae kidogo, kwa sababu kosa hili hukaa miaka bila kuonekana.

Jirani yetu mwenye stesheneri alinunua kompyuta mtumba iliyotoka Ulaya. Siku aliyoiwasha aliona saa haiko sawa, akabofya, akaiandika kwa mkono, ikawa sawa. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, mteja akawa anamtumia barua pepe saa 4 asubuhi, kompyuta inamwonyesha imefika saa 3. Mialiko ya vikao ikawa inakaa mahali pasipo pake. Machi ilipokwisha, kompyuta ikaruka lisaa limoja mbele usiku, naye asubuhi akairudisha kwa mkono tena.

Chanzo ni kwamba kompyuta ina vitu viwili: saa, na mji. Ndani yake huhesabu kwa saa ya dunia, kisha huongeza au kupunguza kulingana na mji uliouchagua. Yeye alirekebisha saa akaacha mji ukiwa Amsterdam. Kwa hiyo kioo kilisema kweli, na hesabu ya ndani ikawa ya uongo. Dawa ni kubadilisha mji kwanza, uwe Nairobi au Dar es Salaam, halafu kuiachia kompyuta ichukue saa yenyewe kutoka kwenye intaneti. Wengine hawaoni Tanzania kwenye orodha wakachanganyikiwa. Nairobi ni saa ileile, hakuna kinachopungua.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Mtu anapitia orodha, anakuta Athens au Helsinki, anaona saa inalingana na ya kwetu, anaridhika. Kama alichagua Juni, kweli inalingana. Oktoba ikiisha, miji hiyo hurudi nyuma na kompyuta inachelewa lisaa limoja hadi Machi. Cairo nayo imeingia kundi hili, kwa sababu Misri ilirudisha utaratibu wa kusogeza saa mwaka 2023 baada ya kuuacha kwa miaka kadhaa. Na kama kompyuta yako haijasasishwa muda mrefu, inaweza kuwa haijui habari za Misri kabisa, wala za Meksiko iliyoacha kusogeza saa karibu nchi nzima mwaka 2022. Ukiona mteja wa Cairo tu ndiye anayekosewa kiangazi na wengine wote wako sawa, sasisha mashine kabla ya kumlaumu.

Lisaa limoja mwaka mzima

Hili halihusiani na majira. Rwanda na Burundi wako lisaa limoja nyuma yetu daima, na Sudan Kusini nayo ilihamia huko Februari 2021. Kongo ina saa mbili: Goma na Lubumbashi ziko nyuma kwa lisaa limoja, Kinshasa kwa masaa mawili. Kwa mji kama Arusha wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kosa hili ni la kila wiki. Kenya, Uganda na Somalia tuko sawa. Huhitaji kukumbuka tarehe yoyote. Andika mara moja, bandika ukutani.

Kosa la masaa sita

Ukiona sita, achana na Ulaya na Marekani. Tatizo liko hapahapa nyumbani.

Niliandika karatasi ya dereva: "Hoteli, Moshi. Kuchukua wageni 4:00." Nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye barua ya mteja. Saa 10 na robo alfajiri mlinzi wa hoteli akanipigia: "Dada, hawa wazungu wako getini na mabegi, gari halipo." Nikampigia dereva wetu, mzee mwenye uangalifu kuliko sisi wote. Sauti ya usingizi ikanijibu, "Mwanangu, si uliandika saa nne? Hata jogoo hajawika." Alikuwa amesoma alichokiona. Nne ni saa 4 asubuhi, saa ambayo yule mteja angeiita 10:00. Tulipata teksi, ndege haikuwaacha, lakini mama mmoja kati ya wageni wale alikuwa analia, na sijasahau.

Tangu siku hiyo karatasi zote za ofisi zinaandikwa namna moja: "saa 10 alfajiri / 04:00". Vyote viwili, na neno la wakati lisiachwe: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Simu ikipigwa, dereva anarudia kwa maneno yake, "saa kumi alfajiri, kabla ya adhana ya asubuhi," nami nakubali.

Kuna masaa sita ya aina nyingine, yanayofanana lakini chanzo chake ni tofauti. London wakati wa baridi wako nyuma yetu kwa matatu. Mtu akipewa 15:00 ya London akatoa matatu badala ya kujumlisha, anapata saa 6 mchana badala ya saa 12 jioni. Hayo nayo ni sita. Utazitofautisha kwa kutazama namba. Kama namba ya kwenye barua na namba iliyotamkwa ni ileile, mtu amesoma saa ya Kizungu kwa Kiswahili. Kama namba zimebadilika, mtu amejumlisha upande usio wake.

Kosa la siku nzima

Ndege ya tarehe 15 saa 6 na nusu usiku. Mgeni anatokea uwanjani tarehe 15 jioni, na ndege yake imeondoka tangu usiku uliopita. Kwa Kiswahili tuna tungo inayomaliza jambo hili: "usiku wa kuamkia tarehe 15." Iandike hivyo kwa dereva, na kwa mgeni mwandikie siku mbili, aondoke hotelini Jumanne jioni, ndege ni Jumatano 00:30. Ukizungumza na wazee uwe makini zaidi, maana kwa wengi siku huanza jua likizama, na "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule ambao kijana ataita Alhamisi usiku.

Wanafunzi nao wanaumia usiku huohuo. Mpwa wangu wa Moshi alikuwa anaomba ufadhili wa masomo Uingereza, mwisho wa kupokea maombi 23:59 ya London, mwezi Aprili. Alikumbuka hesabu ya Februari, masaa matatu, akajua ana hadi saa 9 kasoro dakika moja usiku. Saa 8 na dakika 20 akabonyeza kutuma, ukurasa ukamwambia dirisha limefungwa. Lilifungwa saa 8 kasoro dakika moja, kwa sababu Machi ilikuwa imepita. Ni kosa lilelile la lisaa limoja. Sasa kwenye kalenda yake anaandika mwisho wa maombi kuwa saa 12 jioni ya siku hiyo.

Kosa la nusu saa

Hili hunijia na wageni wa India. Wako masaa mawili na nusu mbele yetu, na watu husahau ile nusu, au huizungusha ikawa mawili au matatu kamili. Nepal wao ni mawili na dakika 45. India na Nepal hazisogezi saa, kama sisi, kwa hiyo ukishaiandika sawasawa mara ya kwanza, hutaigusa tena.